Hitima ya Bibi Mzee Amu: Wapishi, Vyombo na Juzuu za Kukodi

Bibi akifika miaka tisini, kalea watoto, wajukuu na vitukuu, kasomesha nusu ya mtaa Amma na Yasini, hitima yake, yaani kusomewa Kurani nzima baada ya kufa, haiwi ya nyumba moja. Habari ikishapita mitaa ya Mkomani na Langoni watu watakuja tu: jamaa wa Shela na Matondoni, wa Siyu na Faza, wa Malindi na Mombasa, na wanafunzi wake wa zamani ambao leo nao ni mabibi. Familia haina budi kukodi watu. Hapo ndipo mambo huharibika, maana wengi hukodi mpishi wakadhani wamekodi hitima.

Kipimo chetu ni kimoja. Juzuu, yale mafungu thelathini ya Kurani, zinaposomwa, binti za marehemu wako wapi? Wakiwa wamekaa mkekani na juzuu mikononi, huduma ni nzuri, hata pilau ikizidi chumvi kidogo. Wakiwa jikoni wanatafuta vijiko na kuhesabu vipande vya nyama, huduma ni mbovu, hata pilau isifiwe hadi Mokowe, ng'ambo bara.

Amu, yaani Lamu, kuna njia tatu. Kuna mpishi wa kukodi, anayekuja na vijana wake wawili watatu, hutoza kwa kilo ya mchele au kwa sufuria, na vitu vyote hununua mwenyeji. Kuna kikundi cha wanawake wa mtaa kilichochanga kidogo kidogo kikanunua masufuria, masinia, mikeka, madele ya kahawa na sanduku la juzuu. Mwanachama hupata kwa bei ndogo au bure, mwingine hukodi. Na kuna mkahawa unaopika jikoni kwake na kuleta chakula tayari. Tumezitazama zote tatu kwa macho ya mtu anayetaka bibi asomewe sawasawa, si kwa macho ya mtu anayetaka karamu.

Siku tatu za matanga usikodi yeyote. Ni zamu ya jirani kupika. Ilipofika habari ya kufa Jaafar bin Abi Talib, Mtume (s.a.w.) aliamuru watu wa nyumba yake wapikiwe, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Mpishi anayekufuata siku ya mazishi na bei mkononi, mwambie arudi wiki ya pili. Ziko pia nyumba zisizoweka hitima ya siku maalumu, na wana hoja zao. Wao huwatumia wapishi walewale kupeleka chakula chuoni (madrasa) au kwa maskini kwa nia ya marehemu, na mengi ya hapa chini yatawafaa vilevile.

Tuanze na sanduku la juzuu, kwa sababu ndilo hitima yenyewe na ndilo watu hulikagua mwisho. Masanduku mengi ni ya mpangilio wa msahafu wa Madina: kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa, juzuu kwa kawaida kurasa 20, ya kwanza 21 na ya thelathini 23. Msomaji mzoefu humaliza juzuu kwa dakika 30 hadi 40 bila kukimbia. Mzee wa miaka sabini, au kijana aliyetoka chuoni zamani, mhesabie saa nzima. Wasomaji wakiwa 30, tenga saa moja. Wakiwa 15, kila mmoja juzuu mbili, tenga saa mbili, na dua bado. Mpishi asiyeuliza idadi ya wasomaji hajui atapakua saa ngapi, na ndiyo sababu pilau hupoa sufuriani, au usomaji huharakishwa mwishoni ili watu wale.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kuchanganya chapa. Juzuu ikipotea, wenye sanduku huziba pengo kwa juzuu ya chapa ya Kihindi, ile ya herufi nene ambayo mabibi wengi wa pwani walisomea. Chapa hizi mbili hazikati juzuu pahali pamoja kila mara. Msahafu wa Madina huanza juzuu ya 23 kwenye Yasini aya ya 28; wa Kihindi huianza aya ya 22. Ukichukua juzuu ya 22 ya Kihindi, inayoishia aya ya 21, ukaiunganisha na ya 23 ya Madina, aya sita za Yasini, ya 22 hadi 27, hazikusomwa na mtu. Juzuu ya 20 nayo ni hivyo: Madina huianza Suratu Namli aya ya 56, Kihindi aya ya 60. Ya 19 ikiwa ya Madina na ya 20 ya Kihindi, aya nne zimeanguka. Watu thelathini wamesoma, dua imeombwa, thawabu zimehidiwa bibi, yaani kupelekewa, na hitima haikutimia. Bibi aliyeisoma Yasini maisha yake yote asisomewe Yasini pungufu.

Dawa yake ni nyepesi: sanduku moja, chapa moja. Pengo lizibwe kwa msahafu mzima wa chapa ileile, ukitiwa alama ya karatasi mwanzo na mwisho. Juzuu ya 22 ya Madina, kwa mfano, ni ukurasa wa 422 hadi 441. Hesabu sanduku usiku wa kuamkia siku yenyewe, moja baada ya nyingine kwa namba, usihesabu migongo tu, maana sanduku laweza kuwa na thelathini huku namba 12 ikiwa mara mbili. Inayopotea mara nyingi ni ya thelathini, Amma, kwa kuwa watoto huchukua kwenda nayo chuoni. Vikundi vizuri vina masanduku mawili kamili, la Madina kwa vijana na la Kihindi kwa wazee, na kila sanduku husomwa hitima yake. Tukiona hivyo tunajua tuko mikononi mwa watu wanaojua kazi. Mpishi wa kukodi hana sanduku. Mkahawa pia hauna. Ukiwachukua hao, juzuu ni juu yako, uziazime msikitini au chuoni siku mbili kabla.

Jamaa walio mbali, Jeddah au Uingereza, siku hizi hugawiwa juzuu kwa simu. Ni jambo zuri, nao ni watoto wa bibi kama waliopo, ila lina tabu yake: mtu huandika jina lake mbele ya juzuu ya 9 kisha kazi ikamzuia. Orodha ifungwe usiku, kila aliyemaliza aandike "nimetimiza", na zilizobaki zigawiwe waliopo kabla ya kuanza. Afadhali zaidi walio mbali wasome hitima yao kamili peke yao, na ya nyumbani isomwe na waliokaa mkekani.

Baada ya juzuu ya mwisho, kiongozi husoma Ikhlasi mara tatu, Falaqi na Nasi, akarudi kwenye Fatiha na mwanzo wa Baqara, kisha tahlili, kukariri La ilaha illa Llah, na dua ya kuhitimisha. Hii huchukua dakika 25 hadi 40 kulingana na ustadhi. Mpishi apewe saa ya dua, si saa ya kuanza kusoma. Mwambie wazi: "Mama, tahlili saa nane kasoro robo, pakua wakisema amina ya mwisho." Akipakua mapema, harufu huingia barazani na watoto huanza kusimama, kwenye dua ya bibi yao ni aibu.

Karatasi ya majina ni kitu kidogo ambacho hakuna huduma hata moja kati ya hizi inayokuja nacho, na kila mara hukosekana. Ustadhi anapohidi thawabu hutaja jina la marehemu na la baba yake, kisha wazee waliotangulia, mume, na watoto waliokufa kabla yake. Bibi wa miaka tisini kazika wengi. Usimwachie mjukuu mmoja akumbuke majina kumi na tano akiwa analia. Andikeni usiku, kwa herufi kubwa, upande wa mama na upande wa baba, na mwenye kuandika awe ndugu au shoga (rafiki wa kike) wa marehemu, si mtoto wa mjini anayewajua wazee kwa majina ya utani. Nakala mbili: moja kwa wanaume, moja kwa mwalimu anayeongoza wanawake ndani.

Maneno ya kumkumbuka nayo yapangwe. Ustadhi asiyeambiwa kitu hutoa mawaidha ya mauti yanayomfaa mtu yeyote, nusu saa nzima, na bibi mwenyewe hatajwi ila jina. Mpe mambo manne matano ya kweli: alisomesha wapi, yatima gani aliwalea bila kuwataja majina hadharani, sadaka gani aliiweka inayoendelea, kama kisima au misahafu, na aliwausia nini watoto. Dakika saba hadi kumi zinatosha. Msimpambe. Waliokaa pale walimjua, na mwanamke aliyejizuia na riya maisha yake yote asirundikiwe sifa za uongo akiwa kaburini. Na kabla ya kuketi, aseme tena yale yaliyosemwa siku ya mazishi: mwenye deni na marehemu amwendee mwanawe mkubwa. Bibi hukopa sukari kwa jirani, hushika amana ya mchango wa wenzake, hubaki na doti ya mtu. Tumeona madeni ya aina hii yakijitokeza siku ya arobaini na si kabla.

Siku yenyewe ipangwe kwa maji. Mashua za Faza, Siyu na Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, na maji yakipwa huenda usipitike vizuri. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Basi wageni wa visiwani waje na maji ya alfajiri au walale jana yake. Soma baada ya adhuhuri, pakua saa nane, wawe chomboni saa tisa na nusu. Ukianza kusoma baada ya alasiri siku hiyo, mashoga wa bibi kutoka Faza wataondoka kabla ya dua au watalala kwako bila kujiandaa. Siku za maji mafu, yasiyojaa sana, zungumza na nahodha, usikisie. Hitima ya arobaini, siku ya arobaini tangu kufa, waweza kuijua mapema: aliyefariki tarehe 5 ya mwezi wa Kiislamu, ukihesabu siku hiyo kuwa ya kwanza, arobaini yake ni tarehe 14 au 15 ya mwezi unaofuata, bamvua kamili. Wageni wa basi kutoka Malindi na Mombasa hushukia Mokowe na kuvuka kwa mashua, nao wapewe pa kulala.

Mfungo Sita (Rabiul-awwal) wapishi wa Amu hawapatikani kwa urahisi, wako kwenye Maulidi, na ya msikiti wa Riyadha hujaza mji. Arobaini ikiangukia humo, weka arbuni (malipo ya awali) mwezi mzima kabla. Ikiangukia Ramadhani, acha pilau kabisa, somea alasiri na ufuturishe.

Sasa sufuria. Kwa watu 150 wanaokula sinia, kilo moja ya mchele hulisha watu saba, kwa hiyo kilo 22, na mbili za kupelekea wagonjwa na wazee wasioweza kutoka: 24. Nyama kilo kwa kilo ikiwa na mifupa. Mbuzi wa kilo 28 akiwa hai hutoa kilo 12 hadi 14, basi wawili. Mpishi akikwambia nyama kilo 15 zatosha kilo 24 za mchele, chakula kitatosha, ila masinia ya mwisho yatakuwa viazi, na tutaona hapa chini masinia ya mwisho huenda kwa nani.

Pikeni sufuria mbili za kilo 12, kamwe si moja ya 24. Mchele ukiwa na kina kirefu, wa chini hushika ukoko na wa juu hubaki na kiini. Mpishi akigeuza ili kusawazisha, punje hukatika na pilau huwa bokoboko. Kwa kila kilo 10 za mchele tunahesabu vitunguu maji kilo 3 na nusu, mafuta lita moja na nusu, saumu nusu kilo, tangawizi gramu 400, viazi kilo 4, bizari nzima gramu 120 hadi 150, pilipili manga 35, mdalasini 60, iliki 25, karafuu 12 tu. Karafuu ikizidi pilau huwa chungu na kufa ganzi mdomoni, na mpishi anayepima kwa kiganja huzidisha karafuu kuliko kitu chochote. Vitunguu vikaangwe kwa mafungu mawili matatu. Vikimwagwa vyote kwa pamoja hutoa maji, huchemka badala ya kukaanga, na pilau hutoka nyeupe; hapo mpishi mvivu hutia rangi.

Maji ni pahali pawili pa kukosea. Kwanza kipimo. Mchele wa basmati uliolowekwa nusu saa, kwenye sufuria kubwa, hunywa karibu lita moja na nusu ya supu kwa kilo. Wa sela, uliochemshwa kabla ya kukobolewa, hutaka lita mbili. Duka likikosa basmati na kijana akaleta sela, na mpishi asiambiwe, kilo 24 zitatoka ngumu. Pili chumvi. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi yake, na maji matamu ya Amu hutoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Kijana wa jikoni huchota kisima kilicho karibu. Kama huna hakika na maji, tia chumvi gramu 250 kwa kilo 10, onja supu kabla ya mchele kuingia, kisha ongeza. Mchele ukishaingia hakuna la kurekebisha.

Mpishi mzuri huwasha moto saa nne kabla ya kupakua: nyama ya mbuzi hutaka saa moja, ya ng'ombe moja na nusu au mbili, vitunguu na viungo karibu saa, mchele dakika 20 hadi ukaushe maji, kisha moto huvutwa, mfuniko hupaliwa makaa juu, na nusu saa haifunuliwi. Mvua za masika kuni zikilowa, ongeza saa nyingine au nunua makaa. Jikoni pawe uwanja wa wazi, upande ambao upepo hauelekei makuti. Wapo wanaotaka kupikia kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba ya mawe, kwa kuogopa mvua. Moshi hujaza misana, kumbi za ndani, na wanawake waliokaa ndani na juzuu hutokwa machozi yasiyo ya msiba.

Hili la wanawake ndilo linalotuuma. Waliomwosha bibi ni wanawake. Waliomkata sanda ya nguo tano, waliosoma naye chuo, waliokesha naye akiugua, ni wanawake. Na bado, kwa wapishi wengi wa kukodi, masinia hutoka kwanza msikitini na barazani, huongezwa wageni waliopita njia, na ndani hufika saa nzima baadaye, wali wa chini wa sufuria, viazi na mfupa. Mpishi hana nia mbaya. Anasimama nje, anaona wanaume, anapakua anaowaona. Kwa hiyo usimwachie macho yake. Sufuria mbili zile, moja iwe ya ndani tangu nyama inapogawiwa, na msimamizi wake awe mwanamke mwenye sauti. Sinia la watu watano lina wali wa gramu 700 kabla ya kupikwa na vipande 10 vya nyama, ndani na nje sawa. Masinia yahesabiwe mbele: wanawake 80 ni masinia 16, na mawili ya akiba. Yatoke pamoja na ya nje, kwa mlango mwingine kama upo.

Hapa kikundi cha wanawake huwashinda wote. Wao huanza ndani. Mkeka wa wazee huwekwa karibu na ukuta wa kuegemea, juzuu za herufi kubwa hupelekwa kwao bila kuulizwa, maji ya kunawa hupitishwa kwa birika na bakuli mbele ya kila mmoja ili bibi wa miaka themanini asiinuke. Mmoja wao, shungi limefungwa nyuma, hukaa mlangoni mwa msana na karatasi, akipiga mstari kila juzuu inayorudishwa. Binti za marehemu hawaitwi jikoni hata mara moja. Udhaifu wa kikundi ni sufuria: wengi hupika vizuri hadi kilo 15, zaidi ya hapo moto huwashinda, na hawapendi kukiri. Masinia yao pia mara nyingine ni pungufu kwa kuwa hitima mbili zimeangukia Alhamisi moja. Yahesabu jana yake.

Mpishi wa kukodi, kwa upande wake, ndiye bingwa wa kilo 20 na kuendelea. Ukimpata mzee wa kazi, moto wake hauyumbi. Anahitaji kupewa karatasi: idadi, saa, masinia ya ndani na nje, aina ya mchele, maji ya wapi. Asiyetaka karatasi usimchukue. Vyombo vyake huja kwa mkokoteni au punda, na gharama ya hamali mara nyingi haimo kwenye bei aliyokutajia, uliza kwanza.

Mkahawa tumeuona ukifaa kwa hitima ya watu 40, 50, nyumba isiyo na uwanja. Chakula hufika kwa saa na hakuna moshi. Ila pilau iliyofungwa moto kwenye vibakuli vya plastiki hutoa jasho, na baada ya dakika arobaini ni majimaji. Iletwe kwenye sufuria iliyofunikwa na ipakuliwe hapohapo. Nyama ni chache, na hawachukui wajibu wa chochote kisicho chakula: mikeka, maji ya kunawa, ubani, vyote ni vyako.

Kahawa isisahauliwe, ndiyo wanayoinywa wazee wakibaki kuzungumza habari za bibi, na mara nyingi yanayosemwa hapo ni bora kuliko ya ustadhi. Kwa watu 150, finjani mbili kila mmoja, lita 15 zinatosha: kahawa gramu 900, tangawizi kavu iliyotwangwa gramu 150, bila sukari, na tende au halua pembeni. Ubani na udi upitishwe mwanzo wa kusoma na mwanzo wa dua, si muda wote. Chumba cha ndani kikijaa moshi wenye pumu hutoka. Chetezo kisiwekwe chini ya turubai.

Fedha ziwe safi. Mali ya marehemu kwanza hutoa gharama za mazishi, kisha madeni yake, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha warithi. Hitima haimo humo. Isilipiwe kwenye mkufu wa bibi wala kodi ya nyumba yake kabla ya mirathi kugawiwa, hasa kukiwa na mrithi mtoto asiyeweza kuridhia. Watoto wachange mifukoni mwao. Kama bibi alikuwa na siku za Ramadhani alizozikosa kwa ugonjwa na fidia hazijatolewa, zitoeni kabla ya kununua mbuzi wa pili: kibaba kwa siku, gramu 600 hadi 750 za mchele, siku 30 hazizidi kilo 22 na nusu, na ni haki iliyomlazimu.

Kwa watu hadi 80, chukua kikundi cha wanawake kwa kila kitu. Kwa 150 na zaidi, chukua kikundi kwa juzuu, mikeka, kahawa na upande wa ndani, na mpishi wa kukodi kwa sufuria zile mbili, na uwakutanishe siku tatu kabla wakubaliane nani anapakua nini. Arbuni nusu, iliyobaki baada ya masinia na juzuu kurudi na kuhesabiwa. Nyama iliyosalia na mchele usiopikwa ni mali ya mwenyeji, isemwe siku ya kukubaliana bei, kwa sababu mpishi akizoea kwenda navyo huhesabu kuwa ni sehemu ya ujira wake.